Magego Tisa ya Kiti cha Tatu

Walimwita Shoto tangu hajui kufunga kamba za viatu, kwa kuwa kila alichopewa alikipokea kwa mkono wa kushoto. Mama yake alijaribu kumgeuza, akampiga vidole kidogo, akamfunga kitambaa. Baba yake, fundi wa lipu, ndiye aliyesema basi. "Mwache mtoto. Ukuta haumuulizi fundi ameshika mwiko kwa mkono gani." Jina likakaa. Likaenda naye shule, likapanda naye mpaka chuo kikuu, na sasa lilikuwa limeandikwa kwa wino usiofutika ndani ya kola ya koti lake jeupe, maana makoti ya wanafunzi wa meno yote yanafanana na wanaokosea kuyachukua ni wengi, na wote hukosea kuchukua lililo jipya.

Alikuwa mwaka wa mwisho. Kusomea meno peke yake ni mzigo wa kumtosha mtu na jirani yake, lakini Shoto alikuwa amejiandikisha njia mbili kwa pamoja. Asubuhi alikuwa kliniki akijifunza kuziba na kung'oa. Mchana alikuwa mtafiti, ili siku ya kuvaa joho atoke na udaktari wa meno na shahada ya uzamili kwa mpigo. Walioianza njia hiyo walikuwa sita. Wanne walikwisha kurudi nyuma. Sharti lake lilikuwa moja tu: tasnifu ya utafiti ifike mezani kabla ya mtihani wa mwisho wa kliniki. Ukichelewa hata siku moja, jina lako linakatwa kwenye orodha ya uzamili, unatoka na udaktari kama wenzako, na miaka yako miwili ya utafiti inakuwa maji uliyoyateka kwa pakacha.

"Mshika mawili moja humponyoka," walimwambia shangazi zake, majirani, na muuza vocha wa kona, mpaka methali yenyewe ikachoka. Yeye hakubisha. Alikuwa ameacha kubisha mambo mengi.

Mwanzoni aliogopa sana, na woga ni dalili nzuri, mtu anayeogopa yupo. Halafu woga ukaisha. Haukuisha kwa kushindwa, uliisha kama sabuni ya kuogea inavyoisha, huwezi kusema ni siku gani. Furaha ikafuata njia hiyo hiyo. Wakimwambia amefaulu, alisema "Asante." Wakimwambia kuna kazi ya kurudia, alisema "Sawa." Mafundi wa lipu wanaijua hali hii mkononi: ukishika mwiko mchana kutwa, jioni unapewa kikombe cha chai ya moto na mkono hausemi neno. Umekishika tu. Shoto alikuwa hivyo, ila si mkono peke yake.

Kila siku aliamka, akaoga, akatembea dakika ishirini na tano hadi chuoni, akavaa glavu. Kliniki ya meno ilikuwa ukumbi mrefu wenye viti kumi na viwili vya wagonjwa, vimepangwa safu mbili kama viti vya kinyozi, kila kimoja na taa yake, beseni lake la kutemea, na namba yake iliyopakwa rangi sakafuni. Saa saba akala mkate kasimama. Saa nane akavua glavu, akanawa, akavaa nyingine, na hapo ndipo alipogeuka kuwa mtafiti.

Utafiti wenyewe haukuwa wa kumsumbua mtu kuuelewa. Watoto themanini na wanne wa shule ya jirani walizibwa kila mmoja gego moja la chini. Dawa za kuzibia zilikuwa mbili. Zikishakauka zote nyeupe, zinafanana kama mapacha, na swali lilikuwa hili tu: baada ya mwaka, ipi imeshika na ipi imeachia? Kila mtoto alikuwa na bahasha yake iliyofungwa, ndani imeandikwa apewe dawa ya kwanza au ya pili. Mzibaji ndiye aliyeifungua. Mpimaji hakutakiwa kuiona kabisa, kwa sababu binadamu akishajua anachokitafuta hukipata hata kama hakipo. Wazibaji walikuwa wanafunzi wanne. Mpimaji alikuwa Shoto.

Kwa hiyo kila mchana mtoto alilala kwenye kiti, Shoto akamulika, akapitisha ukingoni mwa kizibo kile chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, akaandika. Sifuri, kimeshika. Moja, kimelika kidogo. Mbili, kimeachia. Alikuwa amefika mtoto wa sabini na moja, zimebaki wiki sita kufikia siku ya kuwasilisha. Kwa hesabu yoyote ile alikuwa anafika.

Mtoto wa sabini na moja alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, mwenye maneno mengi. Aliingia na kalamu nyuma ya sikio kama seremala.

"Dada, leo hamtoboi?"

"Leo naangalia tu. Panua."

Akapanua. Shoto akamulika, akapitisha chuma, akaandika sifuri. Akaona taa inamchoma msichana machoni, akaivuta kidogo upande. Mwanga ukalala ubavu juu ya gego, na vifereji vya kizibo vikaonekana vizuri.

Mzibaji wa meno akishashindilia dawa, huichonga juu vifereji kabla haijaganda, ili jino liume sawasawa na mwenzake wa juu. Wenye mkono wa kulia huvutia kwao, na kifereji huishia kwa kupinda kidogo upande wao. Hiki kilipinda upande mwingine. Kilikuwa na ndoana ndogo mwishoni, mkia wa mjusi, na Shoto aliufahamu mkia ule kama mtu anavyofahamu mwandiko wake kwenye daftari la zamani.

Akatoa kioo mdomoni.

"Nani alikuziba jino hili?"

Msichana akamtazama kama aliyeulizwa jina la mama yake. "Si wewe?"

"Mimi?"

"Ndiyo. Ulikuwa umekaa upande huo huo. Ukaniambia nikilia utaniziba na pua. Nikanyamaza."

Fomu ilikuwa pale mezani. Imeandikwa: kiti cha tatu, aliyeziba Mrefu. Mrefu alikuwa mmoja wa wale wanafunzi wanne, rafiki yake, mtu wa kuinama milangoni, na kiti cha tatu kilikuwa chake. Shoto akaitazama fomu, akamtazama msichana, na wiki moja ya mwaka uliopita ikarudi, si kwa kishindo, ilirudi kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima.

Mrefu alikuwa ameugua macho mekundu wiki nzima. Shoto alipita kliniki kuchukua fomu. Msimamizi wa kliniki alikuwa daktari wa makamo waliyemwita Koleo, kwa jinsi alivyokuwa akishika jambo, akishika ameshika.

"Wewe Shoto, mbona umesimama mlangoni kama mwavuli?"

"Nasubiri fomu, Daktari."

"Fomu haziumwi meno. Kaa kiti cha tatu."

"Lakini mimi ndiye mpimaji wa..."

"Kaa, binti! Kuna watoto tisa hapo nje na mmoja ameshaanza kulia. Unajua akianza mmoja."

Akakaa. Siku ile akafungua bahasha tisa, akaziba magego tisa, akaenda zake. Fomu za kila kiti zilikuwa zimechapwa tayari na jina la mwenye kiti, wala hakuna aliyelifuta. Na Shoto, ambaye wakati huo alikwisha kuwa mtu wa kusema sawa kwa kila kitu, alisahau. Alisahau kama unavyosahau ulikula nini Jumanne.

Akarudisha chuma ukingoni mwa kizibo, taratibu. Safari hii ncha ilikwama mahali, unywele tu. Je, ni ya kuandika moja? Ingekuwa ya Mrefu angeandika moja? Au ilikwama kwa sababu sasa alikuwa anaisaka? Akapitisha mara ya tatu, mara ya nne. Hakuweza tena kujua. Msichana akaanza kutiririkwa na mate.

"Nenda, umemaliza," Shoto akamwambia. Kwenye sifuri aliyoiandika hakuongeza kitu, hakufuta.

Mrefu alikuwa kwenye chumba cha kuchemshia vyombo, anapanga makoleo ya kung'olea kwenye sinia. Shoto akamweleza akiwa ameegemea mlango. Mrefu akafunga mashine, akafunga na mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mtoto."

"Mtoto wa darasa la tano. Shahidi mzito huyo." Akacheka, akaona mwenzake hacheki. "Sikiliza, Shoto. Tisa kati ya themanini na nne. Ni nini hicho? Nzi kwenye pipa la maji. Na jina lililoandikwa ni langu, na mimi sijalalamika. Umenizibia tisa, nakushukuru, kwaheri."

"Nilifungua bahasha."

"Unakumbuka zilisema nini?"

"Hiyo ya leo nakumbuka. Dawa ya pili. Ile inayowahi kuganda."

"Basi isahau tena! Si ulishaweza mara ya kwanza?" Mrefu akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, magoti yakamfika kidevuni. "Ukimwambia yule mama anayekusimamia utafiti atasimamisha kila kitu. Zimebaki wiki sita. Unajua?"

"Najua."

"Sasa mbona hata huonekani kuogopa?"

Shoto alifikiri kidogo, kwa sababu lilikuwa swali la haki. "Sijui," akasema. "Natafuta, sioni."

Alirudi nyumbani jua halijazama. Baba yake alikuwa ameacha kupanda majukwaa miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya goti, ila mdomo ulikuwa bado unapiga lipu. Alipenda kusema yeye na bintiye kazi yao moja: mimi ukuta, yeye meno, wote tunaziba mashimo ya watu. Walikaa mezani watatu, baba, mama na binti. Shoto hakuwaambia kitu. Aliuliza tu, kama anayeomba chumvi:

"Baba, ukipita mtaani, ukuta wako unaujua?"

"Kwa mbali! Hata upakwe rangi mara kumi. Mkono wa mtu haufichiki." Akasogeza kikombe, na hapo ikajulikana kwamba hadithi inakuja. "Kuna mhandisi aliwahi kunituma nikamkagulie jengo, nimwambie lipu ipi mbovu. Kuta ishirini. Nikawa nagonga kwa kifundo cha kidole, moja moja. Lipu iliyoachia inaitika ndani kama debe tupu, huhitaji chuo. Nikampa orodha. Akaniuliza, huu mmoja mbona hukuugonga? Nikamwambia, aah, huo wa nini? Huo nimeupiga mimi mwenyewe."

"Na ulikuwaje?"

"Mzuri."

"Uliujuaje bila kuugonga?"

"Nimekwambia niliupiga mimi!"

"Uliachia," mama akasema bila kuinua macho kwenye sahani. "Ulimwangukia fundi wa rangi."

"Haukumwangukia. Ulimmwagikia."

"Akalala siku mbili."

"Alikuwa mvivu tangu zamani yule."

Mama akacheka, baba akakasirika kidogo halafu naye akacheka. Shoto akawatazama wakicheka. Aliona kwamba inachekesha, kama unavyoona kwenye dirisha la duka kitu kizuri ambacho huna haja nacho. Akamaliza kula, akaosha vyombo, akalala mapema.

Asubuhi hakwenda kliniki kwanza. Alipanda ghorofa ya pili, ofisi ya msimamizi wake wa utafiti, mama mdogo wa umbo, mwenye sweta mwaka mzima, anayekunywa maji ya moto bila majani. Wanafunzi walimwita Mama Takwimu, na alijua, na hakukasirika.

"Karibu, mwanangu. Umefika wangapi?"

"Sabini na moja. Kuna jambo, Mama."

Akalisema lote, kuanzia macho ya Mrefu hadi mkia wa mjusi. Mama Takwimu hakumkatiza. Alipomaliza, yule mama akauliza:

"Umekuja kuniambia, au kuniuliza?"

"Kukuambia."

"Afadhali. Ungekuja kuniuliza ningekufukuza, halafu ningekuonea huruma, na vyote viwili vinanichosha." Akanywa maji yake. "Hao wengine wanane, umeshawapima wangapi?"

"Sijui. Huenda wote. Sikuwa naangalia mkono wa mtu, nilikuwa naangalia ukingo."

"Na huenda jicho lako liliangalia bila kukuambia. Hapo ndipo penye shida. Tisa tungewatoa tukaandika kwa nini. Lakini mpimaji aliyefungua bahasha si mpimaji tena, mwanangu, hata kwa wale sabini na watano waliobaki. Lazima nilipeleke jambo hili kwa kamati ya utafiti, na kamati hukaa mara moja kwa mwezi. Unaelewa maana yake?"

"Naelewa."

"Sema, nisikie kama umeelewa."

"Sitafika."

Mama Takwimu akamtazama kwa muda, akingoja machozi, maana alikuwa na boksi la karatasi laini kwenye droo kwa kazi hiyo. Hayakuja. Shoto aliuliza tu fomu ya kuandikia taarifa inapatikana wapi, akaambiwa, akaichukua, akaijaza pale pale kwa mkono wake wa kushoto, huku kiganja kikikokota wino kama kawaida yake.

Kamati ikakaa. Ikasema wote themanini na wanne wapimwe upya na mtu mwingine. Kufikia hapo shule zikawa zimefungwa, watoto wametawanyika kwa mabibi zao, na siku ya kuwasilisha ikafika na kupita, Ijumaa, kuna mawingu mepesi. Jumatatu orodha mpya ikabandikwa ubaoni. Katika njia mbili kulikuwa na jina moja, la mtu mwingine. Shoto aliisoma mara moja. Nyuma yake mtu alisema "Pole, dada," naye akajibu "Asante," akaenda kuvaa glavu.

Mrefu alikuwa na hasira kwa niaba yake. "Ningekuwa wewe ningevunja kitu!"

"Kama nini?"

"Sijui. Kikombe."

"Vikombe vya hapa ni vya plastiki," Shoto akasema.

Utafiti ukapewa mwanafunzi wa mwaka wa nne, msichana mpole wa miwani, ili usioze. Na mpimaji mpya? Mama Takwimu alishuka mwenyewe hadi kliniki, akasimama mbele ya Koleo, kichwa chake kinamfika kifuani.

"Ulimkalisha mwanafunzi wangu kwenye kiti kisicho chake. Sasa utakaa wewe."

"Magego themanini na manne? Mama, mimi nina wagonjwa."

"Na mimi nilikuwa na mtafiti."

Koleo alifungua mdomo, akaufunga. Watu waliofanya kazi naye miaka kumi wanasema hiyo ndiyo mara pekee waliyoona koleo linaachia. Jioni ile alimpita Shoto kwenye beseni la kunawia, akasimama, akasema, "Binti, ile siku..." Halafu akasema, "Maji hayo yanatiririka bure, funga." Ikawa ndiyo samahani yake, na Shoto akaipokea hivyo hivyo.

Shule zilipofunguliwa watoto wakaanza kuja. Walihitaji mtu wa kushika mpira wa kunyonya mate, na wauguzi walikuwa wachache, kwa hiyo Shoto akaushika. Kamati iliruhusu kwa sharti moja: asiseme neno juu ya jino lolote, wala asigune. Sharti hilo lilimfaa. Koleo alipima, msichana wa miwani akaandika, Shoto akanyonya mate.

"Sifuri. Anayefuata. Moja. Anayefuata. Wewe, umekula nini hiki? Sifuri."

Siku ya tatu akaingia yule mwenye kalamu nyuma ya sikio. Akamwona Shoto, akapunga mkono. Shoto akampungia kwa mkono uliokuwa na mpira. Koleo akamulika, akapitisha chuma. Akakipitisha tena. Akakigeuza ncha, akabonyeza kidogo, na kizibo kikacheza. Kilionekana wazi kikicheza, kama mlango wenye bawaba moja.

"Mbili," akasema Koleo. "Hiki kimeachia. Mwaka mmoja tu! Nani huyu alifanya kazi hii?"

Kalamu ya msichana wa miwani ikakwaruza. Shoto akatazama gego, ule mkia wa mjusi mweupe, akasogeza mpira palipokuwa na mate mengi.

"Dada ndiye..." mtoto akaanza.

"Usizungumze na chuma mdomoni," Koleo akamwambia. Akainua macho, akamwona Shoto, akaona mpira umeshikwa kwa mkono gani, akarudi kukitazama kizibo. "Haya. Jino haliwezi kukaa hivi. Mtoto asubiri, saa sita kizibo kiondolewe, lizibwe upya. Shoto, utaziba wewe. Kiti chochote utakacho."

Saa sita akaziba. Alikoroga taratibu, akashindilia, hakukimbizana na mtu. Alipofika kwenye kuchonga vifereji alisita, akafikiria kuvivutia upande mwingine, wa watu wote. Mkono ukavuta ulivyozoea. Kwenye fomu, mahali pa aliyeziba, aliandika jina lake kamili.

"Uma."

Mtoto akauma. "Sawa."

"Hakikwazi?"

"Hakikwazi. Dada, na hiki kikitoka?"

"Urudi."

Mtoto akateremka, akachomeka kalamu yake nyuma ya sikio, akaondoka akilamba lile jino kwa ulimi kama walivyo wote. Nje Koleo alikuwa anaita anayefuata, walikuwa wamebaki hamsini na watatu. Shoto alivua glavu, akajinyoosha. Mgongo ulikuwa unamuuma, chini, upande wa kushoto. Akasimama akausikiliza. Ulikuwa unamuuma sana, na hakukumbuka mara ya mwisho alipousikia. Akaweka mkono hapo, akangoja kidogo, kisha akachukua glavu nyingine.